Kigoda cha Gitothua na Hesabu ya Jasho la Fundi

Tangu mwaka 2023 serikali ya Kenya imekuwa ikitangaza kwamba milango ya nyumba za bei nafuu itatengenezwa na mafundi wetu wa jua kali, wala haitaagizwa kutoka ng'ambo. Nyumba zenyewe, kama tujuavyo, zinajengwa kwa makato ya asilimia 1.5 ya mshahara wa mfanyakazi, na mwajiri naye hutoa kiasi kama hicho. Makato ambayo mahakama iliyapinga mwishoni mwa mwaka 2023 na Bunge likayatungia sheria mpya mwezi wa Machi 2024. Habari hiyo ya milango imepigiwa vifijo katika mikutano mingi ya hadhara, na kwa hakika si jambo la kubezwa. Kwa miaka mingi fundi wetu alikumbukwa wakati wa kura tu, na baada ya kura akaachiwa jua lake.

Lakini, wasomaji wapenzi, kabla hatujapiga makofi mpaka viganja vikawasha, yafaa tumwulize fundi mwenyewe hesabu yake ikoje. Mimi nimemwuliza mmoja. Sikumkuta akitengeneza mlango. Nilimkuta akitengeneza kigoda, na kigoda kile ndicho kilichonifahamisha jambo la milango kuliko hotuba zote nilizozisikia.

Mahali penyewe ni Gitothua, sehemu ya mji wa Ruiru katika Kaunti ya Kiambu, kando ya njia kuu iendayo Thika. Kwa msomaji wa Pwani ambaye hajafika, Ruiru ni kiasi cha kilomita 25 hivi kutoka katikati ya Nairobi. Zamani ilikuwa nchi ya kahawa tupu. Hata ile mbegu ya kahawa iliyotolewa mwaka 1985, inayostahimili maradhi ya chulebuni na kutu ya majani, iliitwa Ruiru 11 kwa kuwa ilipatikana katika kituo cha utafiti cha hapo hapo. Kisha ikaja barabara. Njia ya Thika ilipanuliwa na kufunguliwa rasmi mwaka 2012, na watu wakamiminika. Hesabu ya watu ya mwaka 2019 ilikuta mji wa Ruiru una wakazi 490,120, yaani mji wa nne katika Kenya baada ya Nairobi, Mombasa na Nakuru. Penye mibuni pakaota maghorofa.

Wengi wa hao wakazi si wenyeji. Mpwa wangu mmoja, mtoto wa Mombasa, ni miongoni mwao. Kazi yake iko Nairobi na kitanda chake kiko Gitothua. Ndiye aliyenipeleka kwa fundi huyu, maana alitaka viti vya barazani. Nyumba za kupanga za huko hazina baraza, zina kijisehemu cha mbele cha kuanikia nguo, lakini mtoto wa Pwani hata ukimweka ghorofa ya tano atatafuta mahali pa kukaa jioni akatazama watu.

FUNDI KAZINI

Kigoda nilichokiona kikitengenezwa ni cha kishamba, yaani kimeachiwa gome lake ukingoni, hakikurandwa kikawa laini kama meza ya ofisini. Vijana wa Nairobi wanakipenda siku hizi, na migahawa ya kahawa inavinunua. Fundi, Mkikuyu wa makamo, hakuficha mshangao wake: "Zamani mteja akiona gome anasema kazi haijaisha. Sasa mzee, nikilitoa hanunui."

Kalio lake lilikuwa kipande cha gogo la mukima, mti ule ulioletwa kutoka Australia kuwa kivuli cha kahawa na michai, na ambao sasa umejaa katika mashamba ya Mlima Kenya. Unene wake ulikuwa inchi mbili, upana wake kama futi moja. Miguu aliifanya kwa mibuni. Shamba likiuzwa viwanja, mibuni hung'olewa ikauzwa kuni. Yeye huchagua vigogo vilivyonyooka, akaviweka juu ya dari ya banda muda wa miezi mpaka vikauke vikalia kama mfupa ukivigonga. Mti wa mbuni ni mgumu sana. Panga huruka juu yake.

Hapa pana siri ya kwanza ya kazi hii, na inafaa ielezwe polepole. Kalio lisiwe kavu kabisa, libaki na unyevu kidogo. Miguu iwe mikavu mno. Mti mbichi ukikauka hujikaza na kupungua. Basi tundu la kalio linapokauka hubana mguu, na mguu, kwa kuwa ulikwisha kauka, haupungui tena. Baada ya wiki kadhaa hata ukivuta kwa nguvu zako zote hautoki. Ukifanya kinyume, ukatia mguu mbichi ndani ya kalio kavu, mguu utanywea na kiti kitaanza kucheza. "Mguu mbichi utakuaibisha mbele ya mteja," alisema fundi, na akacheka kama mtu anayemjua aliyeaibika.

Siri ya pili ni kupata mahali pa matundu matatu. Hana kompasi. Alichukua uzi, akaufunga kwenye msumari aliouchomeka katikati ya kalio, akazungusha kipande cha mkaa mpaka duara likatokea. Kisha kwa urefu ule ule wa uzi, kutoka katikati mpaka ukingoni, akapima juu ya duara lenyewe, mara ya kwanza, ya pili, mpaka ya sita, na ile ya sita ikaangukia pale alipoanzia. Akafuta alama moja, akaacha moja, zikabaki tatu zenye umbali sawa. Hii ni hisabati ya Wayunani wa kale, na mtu huyu aliipata kwa babake bila ya kitabu. Mwanafunzi wa sekondari angeandika ukurasa mzima kuithibitisha.

Matundu aliyatoboa kwa keekee ya mkono, kwa mshazari, ili miguu itanuke chini. Mshazari anaupima kwa kipande cha bati alichokikunja zamani. Kijana wake husimama ubavuni na kusema kama keekee inaangalia kulia au kushoto. Kichwa cha kila mguu hukichonga kuwa ulimi wa kuingia tunduni, halafu akaupasua ulimi kwa msumeno na kuacha mwanya. Mguu ukisha ingia hupigilia kabari kwenye ule mwanya kwa juu, ulimi ukatanuka ukajaza tundu. Kabari lazima ikate nyuzi za mbao ya kalio. Ikilala sambamba nazo, kalio hupasuka vipande viwili na kazi ya asubuhi nzima imekwenda. Hapana msumari hata mmoja, wala gundi.

Mwisho ni kusawazisha. Alikiweka kigoda juu ya bamba la saruji, akatia vijiti chini ya mguu uliokuwa mfupi, akaweka juu ya kalio chupa ya maji iliyojaa nusu, akaangalia maji mpaka yakalala sawa. Ndipo akachukua penseli aliyoifunga juu ya kijigogo, akazunguka nacho sakafuni akichora mstari kwenye kila mguu. Alipokata kwenye mstari, kigoda kilitulia kama kilichoota pale. Msasa, vanishi kidogo, kazi imekwisha. Alianza saa mbili asubuhi, na adhana ya alasiri ilinikuta nikiwa bado nimeketi pale.

MITI NA VITI

Kwa nini miguu mitatu na si minne? Kwa sababu miguu minne hutaka sakafu iliyo sawa, na babu zetu, wa Bara na wa Pwani, hawakuwa na sakafu iliyo sawa. Ncha tatu hutulia popote, juu ya udongo au mawe. Mama zetu walilijua hilo jikoni. Figa moja haliinjiki chungu, wala mawili, lakini matatu hata yakiwa mabovu chungu husimama.

Neno lenyewe lina asili ya kupendeza. Sisi twasema mti na kiti. Mkikuyu asema muti na giti. Si bahati nasibu. Ni maneno ya ukoo mmoja wa lugha za Kibantu, na kiti si kingine ila kijimti cha kukalia. Meza tuliipata kwa Mreno, jina lake ni lake, lakini kiti tulikuwa nacho kabla hajapiga kona ya Rasi. Wazee wa Kikuyu walikuwa na njung'wa, kigoda cha miguu mitatu kilichochongwa katika gogo moja, mara nyingi la mti wa muringa. Wakamba walichonga vyao wakavitia nakshi ya waya wa shaba juu ya kalio, na mzee aliyekwenda barazani alikwenda na kigoda chake. Na huko Ghana, gavana wa Kiingereza Frederick Hodgson alipodai mwaka 1900 aletewe Kigoda cha Dhahabu cha Waashanti ili akikalie, watu wake waliona bora vita, na mama mmoja, Yaa Asantewaa, akawaongoza. Hata wasomi wetu wa Dar es Salaam walipotaka kumwenzi Mwalimu Nyerere kwa cheo cha kitaaluma, mwaka 2008 walikiita Kigoda. Hawakusema kochi.

Sisi wa Pwani nasi tusijione mbali na banda la Gitothua. Kiti cha enzi cha Lamu, Pate na Siyu, cha mpingo, chenye njumu za pembe na kalio la kamba iliyosukwa, unaweza kwenda kukiangalia katika jumba la makumbusho la Lamu, lakini ni wangapi wanaoweza kukitengeneza? Marufaa tuliyowekea msahafu chuoni hutoka katika ubao mmoja uliopasuliwa ukaumana wenyewe, pasi na bawaba wala msumari. Ni kazi inayomtoa jasho seremala aliyesoma. Na mbuzi ya kukunia nazi, hicho kigoda cha kukunjwa ambacho kila nyumba ilikuwa nacho, sasa inasukumwa uvunguni na tui la pakiti. Ukiuliza bei ya mbuzi iliyotengenezwa vizuri, mama wa siku hizi atakwambia ni ghali, na hapo hapo atatoa pesa hizo hizo kwa pakiti za tui za mwezi mmoja.

Tuliopita chuoni tunakijua pia kisa cha mimbari ya Mtume (s.a.w.) kule Madina. Ilikuwa ya ngazi tatu, ya mti wa mwituni, na aliyeitengeneza alikuwa seremala, mtumwa wa mwanamke mmoja wa Kiansari. Wanazuoni wametofautiana juu ya jina lake. Mimbari ilikumbukwa kwa ngazi zake na mti wake na hata mahali mti ulipokatwa, na fundi akabaki na ikhtilafu ya jina.

HESABU

Sasa tuje kwenye hesabu, maana hapa ndipo penye mambo. Nilimwomba fundi anihesabie kigoda kile. Kipande cha gogo, shilingi 200. Miguu, kwa bei ya kuni, 50. Msasa na vanishi, 100. Anakiuza 800, na mteja mkaidi hukipata kwa 700. Kinachobaki ni kati ya 350 na 450, na ndani yake mna chakula cha mchana cha kijana, na kodi ya pale anaposimama. Hiyo ndiyo siku yake.

Kilichonishangaza si uchache wa fedha, bali jinsi mteja anavyobishana. Nilimsikiliza mmoja. Hakusema kwamba kazi ni mbaya. Alisema, "Hii si mabanzi tu?" Mabanzi, kwa wasiolijua neno hilo, ni yale mapande ya nje ya gogo yanayobaki mashine ikisha pasua mbao; maskini hujengea vibanda. Maana yake ni kwamba alikuwa akinunua mti, na mti anaujua bei yake. Duara lile la uzi na mkaa, miezi ya kukausha miguu, kabari iliyokata nyuzi, vyote hivyo kwake havikuwa na bei, kwa sababu havionekani kiti kikisha simama. Kazi ikifanywa vizuri hujificha. Pembeni kidogo ya banda pana duka linalouza vigoda vya plastiki kwa chini ya nusu ya bei hiyo, na hapo mteja habishani, maana bei imebandikwa.

Ushuru basi? Tangu Julai 2022 nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zilikubaliana kutoza asilimia 35 kwa bidhaa kadhaa zitokazo nje ya Jumuiya, samani zikiwa mojawapo. Ni hatua njema kwa mwenye karakana ya makochi. Kwa mwenye kigoda haisaidii sana. Mpinzani wake ni plastiki na ulimi wa mteja.

Mbao nazo zina historia yake. Mwezi wa Februari 2018 serikali ilipiga marufuku ukataji wa miti katika misitu ya umma na ya jamii, ati kwa siku 90. Siku 90 zilizaa siku nyingine mpaka Rais Ruto alipotangaza kuiondoa marufuku hiyo mwezi wa Julai 2023. Mwezi uliofuata mahakama ikaingilia na kusimamisha. Kwa muda wote huo mbao nyingi ziliingia kutoka Tanzania na nchi nyingine jirani, na bei ikapanda. Mimi simlaumu aliyetaka kuokoa misitu. Mito yetu ilikuwa ikikauka, na nchi iliyojiwekea lengo la kupanda miti bilioni 15 kufikia mwaka 2032 haiwezi huku ikakata ovyo. Ninachosema ni kwamba mwenye mtaji alinunua mbao za Tanzania kwa lori, na fundi wa Gitothua akashuka kwenye mabanzi na mibuni. Kile kigoda cha kishamba kinachopendwa na migahawa kilianza, kwa maelezo yake mwenyewe, kwa kukosa mbao.

KUHUSU MILANGO

Turudi kwenye milango. Mlango wa nyumba za serikali una mchoro wake na vipimo vyake, na mkaguzi huja na futi. Wako wanaosema kwamba hapo ndipo fundi wa jua kali atakaposhindwa, kwa kuwa amezoea kupima kwa jicho. Mimi sikubali. Mtu anayegawa duara mara tatu kwa uzi hashindwi na futi. Mafundi wa milango ya Lamu na Zanzibar walifuata vipimo vikali, wakaweka na nakshi juu yake. Vipimo si adui wa fundi. Vitamfundisha kutoa milango hamsini iliyo sawasawa, jambo ambalo kigoda hakimfundishi.

Tatizo liko kwenye malipo ya kwanza. Katika jua kali mteja hutoa nusu ya fedha kabla ya kazi, na nusu hiyo ndiyo inayonunua mbao. Huo ndio mtaji wote. Fundi hana benki nyingine. Serikali haifanyi hivyo. Kwa kawaida serikali hupokea mali, ikakagua, ikaandika, halafu ikalipa siku itakapolipa. Kufikia katikati ya mwaka 2024 kaunti 47 za Kenya zilikuwa zinadaiwa na wakandarasi na wauzaji bidhaa zaidi ya shilingi bilioni 150. Ni kweli nyumba za bei nafuu ni mradi wa serikali kuu na una fedha zake za makato. Lakini fundi hatofautishi kaunti na Nairobi. Anachokiona ni jirani yake aliyepeleka madawati akasubiri mpaka akauza pikipiki.

Mwenye kiwanda anaweza kungoja miezi sita, kwa kuwa ana mkopo, ana ghala, ana wakili. Mwenye banda hawezi kungoja siku sita. Basi ikiwa masharti ya malipo ni yale yale, zabuni itaandikwa jina la jua kali na kazi itafanywa na mwenye mtaji, ambaye atamwajiri fundi kwa kibarua cha siku. Milango itakuwa imetengenezwa na jua kali, kweli, na hotuba haitakuwa imesema uongo. Ila faida itakuwa imekwenda kwingine. Sisi tumeamrishwa kumlipa mwenye kazi kabla jasho lake halijakauka. Mwenye kusema kwamba amri hiyo ni ya watu binafsi tu na wala haiihusu hazina ya serikali, na alete hoja yake.

Dawa iliyopendekezwa ni vikundi: fundi asiende peke yake, ajiunge na wenzake chini ya Mamlaka ya Biashara Ndogo Ndogo iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2012. Hilo ni sawa, na Pwani tunao mfano hai. Chama cha ushirika cha wachongaji wa Kikamba kule Changamwe kilianzishwa miaka ya 1960, na ufundi wenyewe una hadithi ndefu zaidi: Mutisya wa Munge wa Wamunyu alichukuliwa katika Vita vya Kwanza vya Dunia, akajifunza uchongaji kwa Wazaramo huko Tanganyika, akarudi nao kwao. Chama kiliwapa wachongaji banda moja na mlango mmoja wa kuuzia watalii. Na mpingo na muhugu vilipoanza kwisha, walihimizwa kugeukia mwarobaini na mwembe, miti tunayoiona uani kwetu, na wakageuka. Mchongaji mmoja asingeweza kubadili mti peke yake, kwa maana mnunuzi angekwenda kwa jirani.

Lakini ushirika ule uliuza kwa fedha taslimu. Mtalii hulipa akiwa amesimama. Kuwaweka mafundi hamsini katika kikundi kinachongoja miezi sita ni kuwafanya hamsini wangoje pamoja. Dawa kamili ingekuwa kikundi kipewe mbao, au theluthi ya malipo, siku ya kutia sahihi. Na mwenye kukagua awekewe siku maalumu ya kumaliza. Si jambo la ajabu. Mpwa wangu, ambaye si hazina, alitoa shilingi 1,600 kwa vigoda vinne kabla ya keekee kushikwa.

KIJANA WA FUNDI

Nimemtaja kijana anayesimama ubavuni mwa keekee. Ana miaka kumi na tisa, amemaliza sekondari. Hana cheti cha useremala, na fundi wake pia hana. Mamlaka ya Mafunzo ya Viwanda hutoa mitihani ya ufundi ya daraja la tatu, la pili na la kwanza, na mtu aliyejifunza bandani anaruhusiwa kuufanya. Wote wawili wanajua hivyo. Wanasema siku ya mtihani ni siku isiyo na kigoda.

Nchi hii imekuwa ikimzunguka kijana huyu kwa nusu karne sasa. Mwaka 1972 wataalamu wa Shirika la Kazi Duniani walikuja Kenya wakaandika kwamba watu hawa, waliokuwa wakifukuzwa na askari wa manispaa, wanawapa kazi watu wengi. Mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985 uliwapa watoto wa shule za msingi nyundo na msumeno, wazazi wakalalamikia gharama, na baadaye masomo hayo yakapunguzwa. Katikati ya miaka ya 1980 Rais Moi aliwatembelea mafundi wa Kamukunji, vibanda vikajengwa. Leo zaidi ya watu 8 katika kila 10 wenye kazi nchini wako katika sekta hiyo tunayoiita isiyo rasmi. Sekta yenye watu wanane kati ya kumi kuitwa isiyo rasmi, hiyo ni lugha ya mtu aliyeketi kwenye kiti cha ofisi!

Banda lenyewe liko kando ya barabara, juu ya ardhi ambayo si ya fundi na ambayo siku moja itatakiwa. Hana hati, ana risiti za kila siku. Mbao zilizoko darini anaweza kuzihamisha kwa mkokoteni mmoja, na nadhani ndiyo sababu hatengenezi vitu vikubwa. Nilimwuliza mbona asijaribu hiyo milango. Akaniambia wenzake wa upande wa pili wa reli wameanzisha kikundi na wamemwita. Ada ya kujiunga, alisema, ni bei ya mbao mbili za kupasua, na kwa wiki ile mbao mbili alizokuwa nazo zilikwisha kuwa kitanda cha mtu, naye mtu mwenyewe alikuwa ametoa nusu.